Vidole Vilivyoliwa na Papai

Mwanangu Mwajuma,

Salamu nitakupa kesho stendi kwa mdomo wangu, mbele ya basi la Mbeya. Hapa nianze na jibu unalonidai tangu mfungo uishe. Umeniuliza mara nyingi kwa nini nimeacha kulainisha nyama kwa papai, wakati mti ulio nyuma ya choo umebeba mpaka unainama. Mara ya kwanza nilikuambia papai zimeadimika. Ukatoka nje, ukautazama mti, ukarudi ndani. Mara ya pili nikasema wateja hawapendi ile ladha. Huo nao ulikuwa uongo. Wateja wanalalamikia meno yao.

Sasa umekwenda kuaga kwa shangazi yako. Jua bado liko juu, na jikoni kuna sufuria ya ng'ombe mzee ambayo bila papai itachukua mchana wote kuiva, kwa hiyo nina muda wa kuandika. Sitakuambia ufue lini wala ule nini. Hayo unayajua, na mengine ni wewe uliyenifundisha mimi. Nataka kukuambia habari za vidole vyangu. Unazijua nusu.

Baba yako alipofariki nilikuwa nauza maandazi pale pale stendi ya Mikumi. Walipokuja kuandikisha watu vitambulisho vya taifa nilienda na mikono yenye unga, nikaambiwa ninawe, nikaweka vidole vyote kumi kwenye mashine, vikasoma mara moja. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Maandazi hayakutosha, ndipo nikaingia kwenye nyama. Watu huniuliza mtaji niliupata wapi, nawajibu sikuwa nao. Mwenye mtaji hununua ndama mnono. Ng'ombe niliyemmudu mimi ni yule ambaye mfugaji wa Msowero amemchoka, amezaa mpaka basi, nyama yake imekaza kama mkanda. Kilo moja ya huyo nilikuwa nainunua kwa bei ambayo wenzangu wananunulia nusu kilo ya kwao. Faida yangu yote ilikuwa pale, katikati ya nyama ngumu na nyama laini, na kilichonivusha pale katikati ni papai bichi.

Aliyenifundisha ni bibi yako, Magomeni ya Kilosa, ambaye naye alijifunza alipokuwa akiwapikia wakata mkonge. Unachana ganda la papai likiwa bado mtini, mistari mitatu au minne, unakinga yale maziwa yanayotiririka. Unayachanganya na maji kidogo, unaikanda nayo nyama, unaichomachoma kwa ncha ya kisu ili yapenye. Kisha unafunika kwa majani ya mpapai na kuiacha kwa muda wa kupika ugali na kuula. Zaidi ya hapo bibi yako hakutaka. "Hicho kitu hakishibi," alikuwa akiniambia. "Usipokiwahi kwa moto kitakula mpaka uokote uji." Na kweli, niliwahi kuacha beseni zima likalala, kulipokucha nikashika nyama ikapita kati ya vidole.

Kila siku mikono yangu ilikuwa humo. Mwanzo iliwasha, hasa pembezoni mwa kucha, baadaye nikazoea. Ngozi ya vidole ikawa laini, inang'aa. Jirani yetu wa chipsi alikuwa akinishika mkono mbele ya watu na kusema, "Hebu oneni, mama anachoma nyama lakini mikono ya bibi harusi. Huyu ana mume wa siri." Nilicheka. Nilijivunia kabisa. Sikujua ninajivunia nini.

Likaja lile agizo la kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Ulikuwa bado shule ya msingi, nadhani unalikumbuka kwa sababu ya foleni. Yule kijana wa laini aliketi chini ya mwavuli karibu na kituo cha mafuta. Nikaweka kidole gumba, mashine ikalia. Akasema, "Mama, futa kidole." Nikafuta kwenye kanga. Ikalia tena. "Weka cha pili. Weka cha mkono mwingine. Mama, hivi ulikuwa unafanya kazi gani? Mbona huna alama hata moja?"

Watu nyuma yangu wakaanza. Mmoja akasema, "Huyo jambazi mstaafu, mkamateni." Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini uso uliniwaka. Ile namba ilikuwa imepakwa rangi kwenye ubao wa kibanda changu kwa tarakimu kubwa. Madereva walikuwa wakinipigia wakiwa bado hawajaingia mbugani, wanaagiza, wakifika wanakula na kuondoka. Bila ile namba nilikuwa muuza nyama kama wengine kumi na wanne pale barabarani.

Baba yako mdogo alikuwa amesimama pembeni. Akasema kwa upole kabisa, "Weka changu, shemeji. Kidole ni kidole." Na akaweka. Nilimshukuru, nikamfungia nyama ya kwenda nayo nyumbani. Sitaki ufikiri alikuwa na ubaya siku ile. Nimeifikiria siku hiyo miaka mingi na sioni ubaya ndani yake. Alisaidia kweli.

Lakini aliendelea kusaidia. Akaanza kuja jioni kuuliza mauzo yalikuwaje. Akawa anawaambia wateja "kibanda chetu". Kisha siku moja, na mimi nimeinama kwenye jiko, akasema kibanda ni cha marehemu kaka yake na ni haki yake kuwa na sehemu. Nilisimama na kisu mkononi. Nikamwambia kaka yake aliondoka duniani hajawahi kuona hata bati moja la kibanda kile, na mbao zake ninaweza kumtajia kila moja niliinunua kwa nani. Nilisema mbele ya watu, kwa sauti, na niliongeza mengine yasiyohitajika. Akaondoka.

Siku ya pili yake simu yangu ikaandika hakuna mtandao.

Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo, Mwajuma. Nilidhani ni mtandao. Unajua Mikumi kwetu, mnara ukigoma tunakaa hata siku mbili, tunasema utarudi. Nikaizima, nikaiwasha, nikaiweka dirishani, nikaendelea kukatakata nyama. Bibi yako alikuwa mgonjwa, presha imempanda, na kila jioni baada ya magharibi nilikuwa nampigia. Jioni ile sikumpigia. Nikasema kesho utarudi. Kesho yake pia nikasema hivyo hivyo. Jirani wa chipsi simu yake ilikuwa inaita siku nzima, hatua tano kutoka kwangu, nami sikujiuliza kwa nini yake inaita na yangu haiiti. Mtu anayepiga hesabu ya mifupa kwa kuitazama tu, hesabu hiyo ya mbili ikamshinda.

Siku ya tatu nikapanda gari la asubuhi kwenda Kilosa, kumwona tu. Nilipokata kona kwenda nyumbani nikaona majamvi nje, wanawake wameketi, na wanaume wanarudi kwa makundi, viatu vina udongo mwekundu. Walikuwa wanatoka makaburini. Hakuna aliyenisalimia. Jirani mmoja wa bibi yako akaja akanishika mabega, akasema, "Tumekupigia tangu jana usiku mpaka betri ikaisha. Inaita tu, hupokei."

Inaita tu. Nilimwambia simu yangu imekufa, akasema haijafa, ilikuwa inaita. Ndipo nikaelewa. Baba yako mdogo alikuwa amekwenda kwa wakala, akasema laini yake imepotea, akaweka kidole chake, akapewa laini mpya yenye namba yangu. Hakuvunja chochote. Kwa karatasi, namba ilikuwa yake.

Nilipomfuata hakukana. Alinitazama, na nikaona naye ameshtuka. Akasema, "Ziliita namba nisizozijua, shemeji. Nilidhani ni wateja wako wanataka nyama."

Sijawahi kukusimulia maneno hayo. Wewe uliambiwa tu kwamba nilichelewa gari.

Sasa nije kwako. Ulikuwa kidato cha tatu uliporudi na yai moja la kuchemsha na ukaomba vikombe vitatu vya chai. Nikakuambia yai ni chakula, si mchezo. Ukasema, "Mama, subiri uone." Ukakata ule weupe vipande vidogo, ukagawa. Kikombe kimoja maji matupu, cha pili maziwa ya papai, cha tatu maziwa ya papai uliyoyachemsha kwanza. Asubuhi ukaniita. Cha maji, yai liko vile vile. Cha papai, vipande vimelika kingo, vimekuwa kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji. Cha papai lililochemshwa, vipande vyote havijaguswa.

"Umeona? Moto umekiua," ukasema.

"Umeua nini?"

"Kimeng'enya."

"Jina kama la mdudu."

"Si mdudu, mama. Hakina uhai. Ni kama mkasi. Protini ni uzi mrefu, chenyewe kinaukata vipande. Ndicho kinacholainisha nyama yako. Hata tumboni mwako vipo vya namna hiyo."

Nikakuuliza, kama tumboni mwangu kuna mkasi wa kukata nyama, na tumbo lenyewe ni nyama, mbona halijili? Ukafurahi, nakumbuka, kama mwalimu aliyeulizwa swali alilolisubiri. Ukasema tumbo limejipaka ute, na kila siku linajipaka upya. Ukasema na jingine, kwamba mwili unavitengeneza vimeng'enya hivyo vikiwa vimefungwa. Vinasafiri vimefungwa, havina makali, mpaka vifike mahali pa kazi ndipo vinafunguliwa. Vikifunguliwa kabla ya kufika, vinamla mwenyewe.

Nimeyafikiria hayo kuliko mawaidha yote niliyowahi kusikia. Yale maneno niliyomwambia baba yako mdogo mbele ya watu yalikuwa ya kweli, yote, lakini niliyafungua njiani. Ningeyabeba yamefungwa mpaka nimkute peke yake, nikiwa na laini yangu mwenyewe mfukoni, labda bibi yako angezikwa nikiwa pale. Labda. Sikupi hili kama sheria, nakuonyesha kovu tu.

Siku ile ile ya yai uliichukua mikono yangu ukaigeuza juani. Ukasema, "Vimekula vidole vyako, mama. Ngozi nayo ni protini." Kisha ukasema kwa haraka, kama mtu anayesoma daftari, kwamba kinacholiwa ni ngozi ya juu tu, mistari yenyewe imechorwa chini zaidi, mtu akipumzika inarudi ile ile. Ukaenda kuosha vikombe. Wewe ulisahau ulichosema. Mimi sikusahau, ila kupumzika sikuweza, ada yako ilikuwa humo humo kwenye beseni. Glavu nilijaribu, ukaziona, zilichanika kwenye mifupa na maziwa yakaingia ndani yakatulia humo, ikawa vibaya kuliko bila glavu.

Ulipofika umri wa kitambulisho tulikwenda pamoja, ukaweka kidole chako, ukanisajilia laini. Nikafuta ubaoni ile namba iliyobaki kwa baba yako mdogo, nikapaka mpya. Kuanzia hapo kila kinachodai kidole kwenye maisha yangu ni wewe. Laini ni wewe, akiba ya kwenye simu ni wewe. Simu ilipotumbukia kwenye beseni, ni wewe uliyekimbia kwa wakala na kuirudisha kabla ya saa ya chakula. Nilikuwa nawaambia wateja kwa majigambo, "Mimi vidole vyangu ni vya mwanangu."

Kisha mwaka jana zikaja habari kwamba umepata nafasi chuo cha maabara, Mbeya. Ulinisomea ukiwa umesimama mlangoni. Nikasema alhamdulillahi. Nikachukua kisu, nikaanza kunoa. Uliniuliza, "Mama, laini ikikata nikiwa mbali?" nami sikukujibu. Ningeweza kusema nenda, tutajua mbele ya safari. Ni neno moja. Nilinoa kisu ambacho kilikuwa tayari kikali. Na asubuhi ukaniambia umefikiria, utakwenda mwakani.

Nilikuona mwaka mzima ukiosha masufuria yangu. Hukuwahi kununa. Afadhali ungenuna. Wenzako wakawa wanapiga simu kutoka vyuoni, unatoka nje kuongea nao, ukirudi unaniuliza kama nyama imeiva. Nikajiona nimekuwa kile kitu cha kwenye beseni, kimemaliza kazi yake ya kulainisha na bado kinakula.

Baada ya sikukuu, baba yako mdogo alikuja. Wewe ulikuwa ndani. Akakaa kwenye benchi, akala, akalipa, safari hii alilipa. Kisha akasema, "Nasikia mtoto anaondoka. Laini ataishika nani? Si niko mimi, shemeji." Nilikwenda nyuma, nikamwaga beseni la maziwa ya papai chini ya mti wenyewe, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

Ndiyo sababu. Tangu siku ile sijagusa papai.

Umeyasikia masimango ya madereva. Yule mnene wa lori la mbao aliniuliza, "Shikamoo mama, huyu ng'ombe leo aligoma kufa?" Nikamwambia, "Marahaba. Hakugoma, alistaafu tu." Wengine hawakutania, walihamia kwa jirani wa tatu. Nimechemsha badala ya kuchoma, mkaa umekwenda mara mbili, na faida usiulize. Uliponiona naandika hesabu na kuguna ulidhani nimeanza kuzeeka.

Kila Ijumaa, ukiwa umetoka, nilikuwa nashika kitako cha sufuria, napaka masizi kwenye kidole gumba, nagandamiza kwenye gazeti la kufungia nyama. Ijumaa za kwanza lilitoka duara jeusi tupu, kama kitufe cha koti. Baadaye likatoka duara lenye mikwaruzo. Kisha Ijumaa moja nikaona mstari, mwembamba, umejipinda, na chini yake mwingine. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa nimeshika kile kipande cha gazeti, na ukaingia, nikakitupa motoni. Ukaniuliza mbona nina masizi usoni. Nilikuwa nimejifuta machozi kwa mkono ule ule.

Juzi nilipokuambia nakwenda Kilosa kuzuru kaburi la bibi, nilikwenda kweli. Lakini nilipita kwanza kwa wakala wa laini, Magomeni, ambako hakuna anayemjua baba yako mdogo. Binti mdogo tu, ana kikohozi. Akasema, "Weka kidole, mama." Nikaweka. Nilifumba macho nikisubiri ile sauti ya mashine kulia. Haikulia. Binti akasema, "Haya, cha pili," bila hata kuniangalia. Kwake lilikuwa jambo la kawaida. Mashine ikaleta majina yangu yote matatu na ile picha ya zamani ya wakati wa maandazi, nina unga kwenye nyusi.

Basi nikawa na laini yangu, kwa kidole changu. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki pale pale nikitaka kuijaribu, nikakuta sina wa kumpigia. Namba ninazozijua kwa kichwa ni mbili. Moja ni ya bibi yako. Ya pili ni yako, na ungeniuliza hii namba ni ya nani, nami nilitaka upumzike na mambo yangu mpaka usafiri. Nikaiweka simu kwenye kifuko, nikaenda makaburini. Nilimweleza bibi yako. Nilikaa mpaka gari la mwisho likakaribia kuniacha.

Laini yenye kidole chako nimeitoa, iko ndani ya bahasha hii, imefungwa kwenye kipande cha karatasi. Ivunje au itumie, ni yako. Ubao nitaupaka rangi kesho ukishaondoka. Wapo wateja nitakaowapoteza, nimeshapiga hesabu, si wengi wa kuniua. Papai nitalirudia, lakini nyama nitaigeuza kwa mwiko mrefu, na nimepatana na mwenye bucha mmoja anibakizie nyama kidogo ya ng'ombe mwenye umri wa kati. Kwa hiyo usinifikirie kwa upande huo. Huna kitu cha kunishikia tena huku. Nimeandika sentensi hiyo nikiwa na furaha nayo, na sasa nikiisoma naona ni ya kusikitisha kuliko zote.

Barua nitaifunga kwa gundi. Usiifungue hapa Mikumi, utashuka kwenye basi, nakujua. Ifungue ukishapanda mlima Kitonga, mahali ambapo dereva hawezi kugeuza.

Sufuria inanukia sasa, nakwenda kuiepua. Chini ya karatasi utaona alama nyeusi, si uchafu. Ni kidole gumba cha mkono wa kulia, masizi ya sufuria ile kubwa. Itazame kwa mwanga, mistari ipo.

Na kesho ukiwa njiani, simu yako itaita na utaona namba usiyoijua. Usidhani ni mtu anataka nyama. Pokea.

Mama yako